Mama mkwe anataka nikandwe tumbo, mimba ina miezi saba. Nikubali?

MshonajiNyawera

Habari zenu wamama na wadada. Niko hapa Bukavu, mimba yangu ya kwanza, nimeingia wiki ya 29. Nashona karibu na soko la Nyawera, cherehani ya kukanyaga. Sasa ni Agosti, na ninyi mnajua Agosti ya mshonaji: kila mzazi anataka sketi ya bluu na shati jeupe kabla shule hazijafunguliwa, na wote wanataka kesho. Nakaa kwenye kigoda tangu asubuhi mpaka macho yashindwe kuona uzi.

Mgongo unaniua. Si juu, ni chini kabisa, pale mkanda wa sketi unapokaa, upande wa kulia, halafu maumivu yanashuka kwenye kalio. Kuinuka mpaka nishike meza kwanza. Na nyumbani ni Kadutu, kule juu ambako pikipiki inakuacha barabarani, unabaki na ngazi za udongo na vumbi lake mpaka mlangoni.

Mama mkwe ana mama mmoja wa Bagira, fundi wa matumbo, aliyemkanda mimba zake zote. Anapasha mawese, anachanganya majani yake, anakukanda mgongo kisha anashuka kwenye tumbo, anamsukuma mtoto taratibu "kumweka kwenye njia". Mama mkwe anasema tumbo langu limelala upande mmoja, lazima linyoshwe kabla mimba haijaingia mwezi wa nane. Ameshaongea naye, anakuja Jumamosi. Bwana yangu nikimwuliza ananiambia "fanya unavyoona", maana yake anamwogopa mama yake.

CPN, kliniki ya wajawazito, walinipima kilo na tansio (msukumo wa damu), wakanipa vidonge vya damu na vya malaria, lakini benchi lilikuwa limejaa hadi nje na muuguzi alikuwa peke yake, sikupata nafasi ya kuuliza mambo ya kukandwa. Rafiki yangu naye amenionyesha dada mmoja wa Nguba anayefanya masaji kwenye meza, ile yenye tundu la kuingiza tumbo ulale kifudifudi. Anapokea wajawazito kuanzia miezi minne, bei yake ni ya watu wa Nguba.

Sasa naomba mnisaidie. Kukandwa ni salama au si salama? Kama ni salama, wapi na wapi? Na nitamwambiaje mama mkwe bila kumvunjia heshima, maana naishi kwenye ua wake. Aksanti.

YayaKadutu

Binti yangu, usijijaze woga. Mimi nimezaa watano na wote nilikandwa, mgongo, tumbo, miguu, mpaka kichwa. Wa tatu alikuwa amekaa kitako. Mama mmoja, Mungu amlaze pema, alimgeuza nikiwa mwezi wa nane, nikamzaa kichwa mbele wala sikushonwa. Siku hizi kila kitu ekografi, ile picha ya kumwona mtoto tumboni, na ekografi ni pesa. Cha muhimu ni mkono wa anayekukanda. Kuna wenye mkono mwepesi na kuna wanaokukanda utadhani wanakanda unga wa bugali. Ukiona mkono mzito, mwambie aksanti mama, imetosha. Mama mkwe wako anakupenda, wengi hapa hawana hata wa kuwapasha maji.

MkungaWaZamu

Dada mshonaji, hongera kwa mimba. Mimi ni mkunga, nafanya kazi kwenye materinite hapa hapa mjini, na leo niko nje ya zamu kwa hiyo nitaandika marefu. Mnivumilie.

Jibu fupi kwanza kwa sababu Jumamosi iko karibu. Mgongo, mabega, makalio, mikono, nyayo: wakukande, tena wakukande vizuri. Tumbo asilikande mtu. Si mama wa Bagira, si mama mkwe, si mimi.

Kondo la nyuma limejishika kwenye ukuta wa mji wa mimba, na mtu aliye nje hawezi kujua kwa vidole kama limekaa mbele, nyuma au chini. Tumbo likisukumwa kwa nguvu, kondo linaweza kubanduka kabla ya wakati. Damu mara nyingine inatoka ukaiona ukakimbia hospitali. Mara nyingine inabaki ndani, na unachoona ni tumbo limekuwa gumu kama ubao, haliachii, na mtoto hachezi tena. Hapo hatuhesabu saa, tunahesabu dakika. Na mwanamke aliyewahi kuzaa kwa upasuaji ana kovu kwenye mji wa mimba ambalo wakandaji wengi hata hawaliulizii.

Yaya Kadutu, shikamoo. Sikatai kwamba mtoto wako wa tatu aligeuka. Ila sikiliza: wiki ya 28 karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano bado amekaa kitako. Siku za kuzaa zikifika, wanabaki 3 au 4 kwa kila 100. Wale wengine wote wamegeuka wenyewe, mama zao wakiwa sokoni, wakiwa wamelala, wakiwa kanisani. Mtoto akigeuka mwezi wa nane, sifa anazichukua aliyekuwa ameweka mkono.

Madaktari nao wanageuza mtoto kwa mikono, hilo lipo na si siri. Lakini wanafanya kuanzia wiki ya 36 au 37, baada ya ekografi kuonyesha kondo liko wapi na maji yanatosha, moyo wa mtoto unasikilizwa kabla na baada, na chumba cha upasuaji kiko karibu wakilazimika kuingia. Pamoja na hayo yote wanafaulu karibu nusu tu. Kwa hiyo mtu akikuambia yeye hakosi hata mmoja, hapo ndipo uanze kumwogopa.

Na hilo la tumbo kulala upande: mji wa mimba wa wanawake wengi unaelemea kidogo kulia. Hakuna cha kunyosha. Sisi tukikushika tumbo CPN tunatafuta kichwa kiko wapi na mgongo wa mtoto uko upande gani, kisha tunapima urefu kwa utepe, utepe uleule unaouvaa shingoni kazini. Tunagusa kujua, hatusukumi.

Sasa mgongo wako. Mama mkwe au bwana yako anaweza kukufanyia haya nyumbani bila kulipa bei ya Nguba. Lala ubavu wa kushoto pembeni ya kitanda, magoti yamekunjwa, mto kati ya magoti, kingine laini chini ya tumbo ili lisining'inie. Kama mna mto mmoja, kunja blanketi au vikwembe (vitenge) viwili vitatu, ni sawa. Anayekukanda akae nyuma yako. Aondoe pete, akate kucha, asugue mikono mpaka ipate joto, achukue mafuta kidogo. Aanzie juu ya makalio kwa viganja bapa, apande pande mbili za uti wa mgongo mpaka mabegani, ashuke kwa pembeni, arudie bila haraka. Asikandamize mifupa yenyewe ya uti.

Halafu lile kalio la kulia. Aweke ile sehemu nene ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono, katikati ya kalio. Asitumie nguvu za bega. Aegemeze tu uzito wa mwili polepole, asubiri wewe upumue mara tatu nne, aachie, asogee kidogo, aegemee tena. Mara ya kwanza utakunja uso, mara ya tatu utasikia msuli unaachia. Lakini maumivu yakikimbia mpaka kwenye vidole vya mguu, au mguu ukifa ganzi, aache hapo hapo na uende kwa daktari. Dakika 15 au 20 zinatosha, kila jioni kama ana moyo.

Usilale chali. Kuanzia miezi mitano hivi mji wa mimba una uzito wa kukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Tansio inashuka, unatoka jasho, unasikia kizunguzungu, na damu inayomfikia mtoto inapungua. Na ile meza yenye tundu mimi siipendi: tumbo linaning'inia ndani ya shimo na nyuzi za mwili zinazolishikilia, ambazo tayari zimelegea kwa sababu ya mimba, zinavutwa zaidi. Kama dada wa Nguba anakubali kukulaza ubavu na anauliza maswali kwanza (una wiki ngapi, tansio ikoje, umewahi kutoka damu), huyo anajua kazi yake.

Mafuta: mawese hayana neno, yatakuharibia shuka tu. Alizeti, nazi, hata vazelini, sawa. Majani yasiyojulikana jina usipakwe, na usiyanywe hata kidogo. Baume, zile dawa za kuchua zinazowaka, zenye kamfa, ziache. Na ile pomada ya diclofenac wanayotembeza wauza dawa mitaani, hiyo nayo acha. Dawa za jamii ya diclofenac na ibuprofen kuanzia wiki ya 20 zinaweza kusumbua figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Pomada inaingia mwilini kidogo kuliko kidonge, najua, lakini ukiwa na mimba hiyo si dawa ya kujipaka bila daktari.

Kuna siku ambazo hutakiwi kukandwa popote, unatakiwa kuwa njiani kwenda hospitali. Damu ikitoka, au maji. Homa, maana hapa kwetu homa ya mjamzito ni malaria mpaka kipimo kikatae. Kichwa kinachouma hakiachi, macho yanaona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, tansio kufika 140/90: hiyo ni njia ya kifafa cha mimba, na hakuna mkono utakaoiondoa. Miguu kuvimba jioni baada ya kukanyaga cherehani kutwa nzima ni kawaida. Uso kuvimba asubuhi si kawaida.

Mwisho, kazi yenyewe. Kukandwa kutakupa usiku mzuri, lakini asubuhi utarudi kwenye kigoda kilekile. Tafuta kiti chenye mgongo, weka kikwembe kilichokunjwa nyuma ya kiuno, na kila ukimaliza kipande simama, tembea mpaka mlangoni, rudi. Kikwembe kingine kifunge chini ya tumbo, si juu yake, kisikubane, kibebe uzito tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilitaja hayo kwa maumivu ya kiuno na nyonga: mazoezi ya mara kwa mara, fiziotherapia, mikanda ya kubebea tumbo. Masaji inaongeza usingizi na kupunguza wasiwasi, wanaokandwa wanakuambia hivyo na mimi nawaona. Haimgeuzi mtoto, haifanyi awe mnene, haifupishi miezi.

MotariEssence

Nimesoma yote kwa sababu mke wangu ndiye aliyenitumia, bila maneno yoyote, ninyi wanawake mna njia zenu.

Naongeza kitu kimoja cha wanaume. Mimi ni motari, dereva wa pikipiki, mikono yangu imejaa sugu za usukani, mke alinifukuza nikijaribu bila mafuta. Tena kitanda chetu kinabonyea katikati, akilala ubavu mimi naangukia upande wake. Sasa tunafanya hivi: anakaa kiti kinyume, kifua kinaelekea mgongo wa kiti, anaweka mto juu na kulalia mikono yake. Tumbo linapata nafasi yake mbele, mgongo wote uko wazi kwangu. Mkunga, hiyo ni sawa? Maana majirani walituona dirishani wakaanza kusema mke wangu ananitesa.

MkungaWaZamu

Ni sawa kabisa, baba. Ni namna nzuri hata siku ya uchungu wenyewe. Kiti kisiwe cha plastiki kilichopasuka mguu tu. Na majirani wakaribishe waje kujifunza.

MshonajiNyawera

Aksanti sana mama mkunga, aksanti yaya, na wewe baba motari umenichekesha mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Jana jioni bwana yangu alijaribu ile ya kuegemeza kiganja kwenye kalio. Mara ya kwanza nilimpiga kofi la mkono. Baadaye nikalala mpaka adhana.

Ila kuna kitu sikuandika mwanzo kwa sababu niliona ni kidogo. Shavu la mguu wa kushoto linauma tangu juzi, ndio mguu ninaokanyagia sana. Mama mkwe jana alitaka kulikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, nikamwambia ngoja kwanza. Nilifikiri ni ule mkazo wa misuli wa usiku. Nimwache akande?

MkungaWaZamu

Hapana. Mguu huo usiguswe na mtu, na uende hospitali leo, si kesho.

Nakueleza kwa nini ili usione nakutisha. Mwili wa mjamzito unaifanya damu igande haraka, kusudi usivuje kupita kiasi siku ya kuzaa. Ubaya wake ni kwamba damu inaweza kuganda mahali pasipotakiwa, ndani ya mshipa wa mguu, na katika mimba ni mguu wa kushoto unaopatwa zaidi. Kukaa kutwa nzima kunaongeza hatari. Bonge likiwa limekaa pale na mtu akakanda kwa nguvu, linaweza kung'oka likapanda mpaka kwenye mapafu.

Chukua utepe wako. Pima shavu la mguu wa kushoto pale lilipo nene, kisha wa kulia mahali palepale. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi mwambie daktari neno hilo kabla ya mengine yote. Angalia pia kama ngozi ina joto zaidi ya mguu wa pili, au imebadilika rangi. Lakini hata utepe ukionyesha sawa, nenda. Ukianza kukosa pumzi au kifua kuchoma, usipande ngazi kwa miguu, wakubebe.

Ule mkazo wa usiku ni tofauti: unakuja ghafla, msuli unajikunja unauona kwa macho, unakuamsha, ukivuta vidole vya mguu kuelekea kwenye goti unaachia. Haukai siku mbili. Mguu ambao hauna shida unakandwa kwa kupapasa tu, kutoka kwenye kifundo kwenda juu, mkono mwepesi. Shavu la mguu halichimbwi kwa dole gumba wakati wa mimba, wala katika wiki sita baada ya kuzaa.

YayaKadutu

Nenda binti yangu. Mashati ya shule yatangoja. Hili la mguu mimi sikulijua, na nimekanda miguu ya watu wengi.

MshonajiNyawera

Nimerudi. Mama mkwe ndiye aliyenisindikiza, alikataa nitoke peke yangu. Utepe ulikuwa umeonyesha karibu sawa, nusu sentimita hivi. Daktari aliushika mguu, akauliza maswali mengi, akaagiza ekografi ya mishipa ya mguu. Tulingoja sana. Hawakuona bonge. Alisema ni msuli umechoka, niache kukanyaga kwa mguu mmoja, ninywe maji, niinuke mara kwa mara, na nikiona uvimbe au joto nirudi bila kungoja CPN.

Mama mkwe alimwuliza daktari mwenyewe, bila mimi kufungua mdomo: "Na tumbo?" Daktari akasema tumbo hapana mama, mgongo ndiyo. Akanyamaza njia nzima. Nilidhani amenuna.

Jumamosi mama wa Bagira akaja kweli, na chupa yake ya mawese imefungwa ndani ya mfuko wa sukari. Mama mkwe akamwambia mbele yangu: huyu kanda mgongo, tumbo daktari amekataza. Yule mama hakufurahi. Alisema amekanda wake za watu tangu kabla ya vita, hakuna daktari aliyemfundisha. Lakini alinilaza ubavu, akanikanda mgongo, na wamama, nisiseme uongo, mikono ile! Anajua kila msuli unapoishia. Anakanda kwa ukingo wa mkono na wala haulizi panapouma, anapakuta. Mwisho akachovya kiganja kwenye mafuta akapaka tumbo juu juu, akizunguka tu, hakusukuma, akasema maneno ya kumbariki mtoto. Nilimwacha. Nilikosea?

MkungaWaZamu

Hapana dada, kupaka mafuta kwa kiganja wazi bila kukandamiza hakuna neno. Ngozi ya tumbo inawasha ikivutika, mafuta yanasaidia, na wengine husema mtoto anacheza akisikia mkono. Ninachokataza ni kusukuma, kuchimba, kunyanyua na kukamua. Huyo mama ana kipaji, mrudishe kwa ajili ya mgongo. Ningefurahi kama wakandaji wote wa Bagira wangekubali mpaka huo mmoja, tungekuwa tunawatumia wagonjwa wa migongo sisi wenyewe.

Na mama mkwe wako alikuwa hajanuna, alikuwa anafikiri. Mpe kazi nyingine kubwa: siku ya uchungu. Waulizeni mapema kama materinite yenu inaruhusu mtu wa familia kuingia, kwa sababu mwanamke kuwa na mtu wake chumbani ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani linalisisitiza, na katika mwongozo wake wa 2018 masaji na kitambaa cha moto vimetajwa kwa mama mwenye afya anayetaka kupunguziwa maumivu. Uchungu ukishika, wewe simama umeinama, umeshika ukingo wa kitanda. Yeye aweke kiganja kwenye ule mfupa bapa ulio chini ya kiuno, juu kidogo ya mpasuko wa makalio, na asukume kuelekea mbele wakati uchungu unapanda, aachie unaposhuka. Hapo anaweza kutumia nguvu, utamwomba aongeze. Aanze kujifunza sasa hivi mahali pa kuweka mkono, siku ile hutakuwa na subira ya kumwelekeza.

YayaKadutu

Mkunga, binti yangu naye ana mimba ya kwanza, ya miezi minane na wiki. Aliniambia kuna masaji ya kufanya kule chini ili asichanike. Nilidhani ananidanganya. Ipo?

MkungaWaZamu

Ipo, yaya, na kwa mimba ya kwanza ina faida inayoonekana: wanaoifanya wanapungua kidogo wale wanaochanika au kukatwa mpaka kushonwa. Ni masaji ya msamba, ile nyama kati ya njia ya uzazi na njia ya haja. Inaanza kuanzia wiki ya 34 hivi, kwa hiyo binti yako ameshafika. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha, haiongezi faida akifanya kila siku.

Aoge kwanza, akate kucha, anawe mikono kwa sabuni. Akae nusu ameegemea mito, miguu imekunjwa, au asimame mguu mmoja juu ya kigoda. Apake dole gumba mafuta safi ya kupikia ya maji, alizeti kwa mfano, kutoka chupa isiyotumika jikoni. Aingize dole gumba sentimita 3 au 4, akandamize chini kuelekea njia ya haja mpaka asikie kuvutika kidogo na kuchoma kidogo, ashikilie dakika moja akipumua, kisha apeleke polepole huku na huku, upande hadi upande, nusu duara ya chini tu. Juu, kwenye njia ya mkojo, asiguse. Dakika tano. Tumbo likimzuia kufika, bwana yake afanye kwa kidole kimoja, wakikubaliana.

Asifanye kama ana uchafu unaowasha au kunuka, kama ametoka damu, kama maji yameshavuja, au kama ameambiwa kondo liko chini.

YayaKadutu

Aksanti. Mawese hayafai hapo?

MkungaWaZamu

Yakiwa safi yangefaa, lakini yale ya sokoni yana mchanga na hujui yamekaa debeni muda gani. Anunue chupa ndogo ya alizeti, aandike jina lake juu, na wasikaangie samaki wadogo wa sambaza.